Printa Moja, Kompyuta Tatu: Ushauri kwa Aungaye Mtandao wa Nyumbani

Miongoni mwa maswali ambayo wasomaji hawachoki kutuletea, hakuna lijalo mara nyingi kuliko hili la mtu mwenye kompyuta mbili au tatu nyumbani mwake na printa moja iliyokaa sebuleni, ambaye kila apendapo kuchapisha waraka hana budi auhamishie katika flashi, anyanyuke, aichomeke flashi ile katika kompyuta ya pili, na aghalabu arejee nayo ikiwa imebeba kirusi cha kuzificha folda zake na kuacha mahali pake njia za mkato za uongo. Huuliza: Je, sharti nimwite fundi? Je, sharti niwe na intaneti? Je, bando langu halitamalizika? Na wale waliokwisha kujaribu huongeza swali la nne, lenye uchungu zaidi: Mbona kompyuta hii yaiona ile, ilhali ile haiioni hii?

Fundi si sharti, intaneti si sharti, na bando haliguswi. Ama hilo la nne lina sababu chache zijulikanazo, nazo tutazitaja kila moja mahali pake. Ila ifahamike kwanza kwamba kazi hii ina utaratibu wake, na katika wanaoshindwa, wengi wameshindwa kwa kuuruka utaratibu huo tu. Kompyuta zote ziingie kwanza katika mtandao mmoja, kisha zionane, kisha folda iliyokusudiwa ifunguliwe kwa mtu aliyekusudiwa, na printa ije mwisho. Atakayeanza na printa, kama wafanyavyo wengi kwa kuwa ndiyo haja iliyowainua, atapoteza alasiri nzima akibadilisha mambo ya printa, na kumbe kasoro iko katika hatua ya kwanza ambayo hakuichunguza.

Tumemkusudia hasa mwenye Windows 10 au 11, kwa kuwa ndizo zilizoenea. Mwenye Mac au Linux tutamkumbuka kwa maneno machache mbele. Na kwa vile kompyuta nyingi za kwetu hufunguka kwa Kiingereza, maneno ya kwenye kioo tumeyaacha kama yalivyoandikwa, ili usiyatafute ukayakosa.

Tazama kwanza ulicho nacho

Kile kisanduku ulichopewa na kampuni ya simu au ya faiba, chenye taa zinazomemeteka usiku kucha, ndicho ruta, na ndani yake zimekusanywa kazi tatu: hurusha waifai, huwa na matundu ya nyaya, aghalabu mawili au manne, na huigawia kila kompyuta iingiayo anwani yake ya namba, mathalan 192.168.1.23. Namba zianzazo kwa 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani peke yake, hazisafiri katika intaneti, na ndiyo maana nyumba yako na ya jirani yako zaweza kutumia namba zile zile pasiwe na mgongano.

Hapa ndipo lilipo jawabu la bando. Faili itokayo kompyuta ya sebuleni kwenda ya chumbani huingia katika ruta na kutokea upande wa pili. Haifiki kwa kampuni ya simu wala haihesabiwi, na hata laini ikiwa haina salio la senti moja, faili itapita. Lililo kweli ni kwamba kompyuta iliyo mtandaoni hupata nafasi ya kuvuta masasisho yake kutoka intaneti, na hayo ndiyo yalayo bando huku lawama ikiuangukia mtandao wa nyumba. Dawa yake ni kuufungua ukurasa wa mtandao huo katika mipangilio ya Windows na kuwasha palipoandikwa "Metered connection". Siku ya kuweka printa pazime kidogo, maana pakiwa pamewashwa huenda Windows ikakataa kuipakua draiva yake.

Asiye na ruta ataweza kuzikutanisha kompyuta mbili kwa simu inayogawa intaneti, lakini baadhi ya simu huvizuia vifaa visionane, na mwenye simu akitoka, mtandao umetoka naye. Ruta ndogo, hata isiyotiwa laini, ni aula zaidi kwa kazi hii. Basi viandaliwe hivi:

- ruta moja, iwashwayo muda wote;
- nyaya za mtandao kwa vifaa visivyohama;
- swichi ya mtandao ya matundu matano au manane, ikiwa matundu ya ruta hayatoshi;
- daftari la karatasi, wala usicheke, la kuandikia jina la kila kompyuta, anwani ya printa na nywila ya ruta. Kwani siku mtandao ukikatika, kumbukumbu uliyoiweka katika kompyuta ya pili haitafikika.

Waya au waifai?

Tupige hesabu. Tundu la waya la zamani huchukua megabiti 100 kwa sekunde, yaani megabaiti 12 na nusu kwa wingi wake, na kwa mwendo huo video ya harusi ya gigabaiti 20 itachukua karibu nusu saa. Tundu la gigabiti huchukua mara kumi ya hiyo, video ile ile ikapita kwa dakika tatu hivi, maadamu diski zenyewe zina kasi ya kutosha. Waifai hukaa popote baina ya hizo mbili, na mara nyingine chini yake, kwa kutegemea umbali na kuta. Mwenye nyumba ya matofali membamba pengine hatalihisi jambo hili. Lakini aliyekaa katika nyumba ya mawe na chokaa ya Mji Mkongwe wa Unguja, au ya Lamu, au ya Mombasa ya kale, ambako ukuta mmoja hukaribia nusu mita kwa unene, ameshaona jinsi waifai inavyojaa sebuleni na kufa mlangoni pa ukumbi wa pili.

Ruta nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili. Ya GHz 2.4 hupenya ukuta vyema zaidi, ila mwendo wake ni mdogo na majirani wote wamo humo. Ya GHz 5 yana mwendo mkubwa, ila ukuta huyashinda upesi. Printa nyingi za bei nafuu hazijui ila hayo ya GHz 2.4, kwa hiyo usiyazime kwa tamaa ya mwendo, kisha ukashangaa printa haiuoni mtandao. Rai yetu ni kwamba kompyuta ya mezani, na printa ikiwa ina tundu la waya, vipewe waya. Mpakato na simu ziachiwe waifai.

Katika kununua na kuutandaza waya:

- Waya wa Cat 5e watosha kwa gigabiti. Urefu usizidi mita 100 toka kifaa hata kifaa.
- Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao umejaa madukani na bei yake hushawishi. Kwaruza uzi mmoja kwa ncha ya kisu. Ukiona weupe wa fedha chini ya ule wekundu, urudishe.
- Usiupitishe katika bomba moja na waya wa umeme.
- Usiutandaze nje kutoka nyumba hii hata nyumba ya uani penye radi nyingi, kwa sababu msukumo wa umeme wa radi hufuata waya na kuua vifaa vya nyumba zote mbili. Kwa umbali huo, faiba au waifai ya kuelekezana ni salama zaidi.

Atakaye kubana plagi kwa mkono wake, na aishike ulimi ukitazama chini na mlango wa kuingilia waya ukimwelekea, kisha apange kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-hudhurungi, hudhurungi, na ncha ya pili iwe vivyo hivyo. Wako wadhaniao kuwa mpango wowote wafaa ilmuradi ncha mbili zifanane, nao hudanganyika, kwa sababu nyuzi hizo zimesokotwa jozi jozi, na uzi wa tatu na wa sita sharti wawe wa jozi moja. Waya uliopangwa ovyo utawasha taa, utapita hata katika kipimo cha bei rahisi, kisha utaleta makosa yasiyoelezeka kazi ikiwa nzito. Na ukiona vifaa viwili vya gigabiti vinaungana kwa 100 tu, kagua plagi kwanza: gigabiti hutaka nyuzi zote nane, ilhali 100 yatosheka na nne, basi uzi mmoja katika zile nne nyingine ukikatika mwendo hushuka bila ya mtandao kufa.

Mtandao uwe mmoja

Kosa hili ndilo lituletealo barua nyingi kupita mengine. Mtu ana kisanduku cha faiba. Waifai haifiki vyumba vya nyuma. Akanunua ruta ya pili, akauvuta waya kutoka ya kwanza, akauchomeka katika tundu la ruta ya pili lililoandikwa "WAN". Intaneti ikafika, akashukuru. Asilolijua ni kwamba ameuzaa mtandao wa pili ndani ya ule wa kwanza: walio nyuma waweza kuwafikia walio mbele, ila walio mbele hawana njia ya kuwafikia walio nyuma. Hiyo ndiyo sababu moja ya lile swali la nne, na hakuna mpangilio wa Windows utakaoiondoa.

Ruta ya pili isahihishwe hivi:

1. Ipe anwani isiyogongana na ya kwanza. Mathalan, ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2.
2. Izime kazi yake ya kugawa anwani, iliyoandikwa "DHCP". Mgawaji awe mmoja tu nyumbani.
3. Uhamishe waya kutoka tundu la "WAN" hata moja katika matundu ya kawaida.

Ruta nyingi za siku hizi zina chaguo la "Access point" ambalo hukufanyia kazi hiyo yote kwa mara moja. Kadhalika tazama kama kompyuta yako haikuingia kwa bahati mbaya katika waifai ya wageni, iitwayo "Guest". Waifai hiyo imeundwa makusudi ili walioingia wasionane, nayo ni njema kwa mgeni aliyekuja kwa siku mbili, lakini printa haitapatikana humo.

Uthibitisho ni rahisi. Fungua "Command Prompt" katika kila kompyuta, andika ipconfig, kisha tazama mstari wa "IPv4 Address". Katika mitandao ya kawaida ya nyumbani, mafungu matatu ya mwanzo ya namba yakilingana katika kompyuta zote, mtandao ni mmoja. Namba ikianza kwa 169.254, kompyuta hiyo haikupewa anwani na ruta, na sababu huwa waya mbovu au waifai isiyoshika. Usivuke hapa mpaka namba zilingane.

Kompyuta zionane

Zipe majina yenye maana. Kompyuta hutoka dukani na jina la herufi na tarakimu zisizokumbukika, na zile zilizotumika zikauzwa tena pengine zina jina la ofisi ya mtu wa mbali. Ingia "Settings", "System", "About", uiite SEBULENI, na nyingine CHUMBANI, pasiwe na nafasi baina ya herufi; kisha uiwashe upya.

Windows huuliza, au hujiamulia yenyewe, kama mtandao ulioingia ni wa faragha au wa hadhara, na ukiwa wa hadhara huificha kompyuta. Kompyuta moja ikihesabu mtandao wa nyumbani kuwa "Private" na nyingine kuwa "Public", ndipo hii ionekanapo na ile isionekane. Nayo ndiyo sababu ya pili, na iliyo nyepesi kuondoa:

1. Katika kila kompyuta fungua "Network & internet", ingia katika mtandao wako, chagua "Private network".
2. Fungua "Advanced sharing settings", na chini ya fungu la "Private" uwashe "Network discovery" na "File and printer sharing".
3. Ikiwa umenunua kingavirusi chenye kinga yake ya mtandao, nacho ukiambie kwamba mtandao huu ni wa nyumbani. Husahauliwa sana.

Utasikia ushauri wa kuizima kinga ya Windows moja kwa moja, kwa hoja kwamba "hapo kila kitu hufanya kazi". Izime dakika moja ukitaka kupima, kisha uiwashe. Tatizo likiwa limeondoka wakati imezimwa, umekwisha kujua pa kurekebisha, na hakuna haja ya kuiacha nyumba wazi.

Mwingine atasema: nimefanya yote, na katika orodha ya "Network" kompyuta ya pili haimo. Orodha hiyo si ya kuiamini. Huchelewa, na mara husahau. Fungua "File Explorer", na katika mstari wa anwani uandike \\SEBULENI kisha ubonyeze "Enter". Ikikataa, andika namba yake, kama \\192.168.1.23. Namba ikikubali na jina likakataa, mtandao ni mzima na shida ni ya jina peke yake.

Na anayefuata maelezo ya zamani akaitafuta "HomeGroup", asijisumbue: Microsoft iliiondoa katika Windows 10 mwaka 2018.

Folda ya pamoja, na mipaka yake

Nyumba ya Kiswahili ina baraza yake, ambapo mgeni hukaribishwa, akanywa kahawa na kuzungumza, pasiwe na haja ya yeye kuingia ndani. Na kompyuta nayo yafaa ifanyiwe vivyo hivyo. Itengenezwe folda moja kwa ajili ya mambo ya pamoja, nayo ndiyo ifunguliwe. Kuishirikisha diski nzima ya C, kama wafanyavyo wengi ili "wasisumbuke tena", ni kumpa kila aingiaye, na kila kirusi kiingiacho naye, njia ya kufika kila pahala.

1. Tengeneza folda mpya, mathalan C:\Pamoja.
2. Katika kompyuta hiyo hiyo fungua akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi, uiite tuseme "nyumba", na uipe nywila. Hii ndiyo watakayoingilia wengine.
3. Ibofye folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia "Properties", "Sharing", "Share", uiongeze akaunti ile, na uchague "Read" kwa wa kusoma tu au "Read/Write" kwa wa kusoma na kuandika.
4. Katika kompyuta ya pili andika \\SEBULENI\Pamoja. Ukiulizwa jina, andika SEBULENI\nyumba, kisha nywila, na uweke alama ya kukumbukwa.
5. Ukipenda ionekane kama diski daima, tumia "Map network drive".

Katika hatua ya nne ndipo wengi wanapokwama. Mtu huandika zile tarakimu nne azitumiazo kuifungua kompyuta yake kila asubuhi, akakataliwa, akaandika tena, akakataliwa tena, mpaka ghadhabu zikampanda. Tarakimu zile ni PIN, nayo haifai ila kwa aliyeketi mbele ya kompyuta yenyewe. Mtandaoni hutakiwa nywila ya akaunti, na ikiwa akaunti ni ya Microsoft, basi ni baruapepe na nywila ya Microsoft. Akaunti isiyo na nywila kabisa nayo hukataliwa. Hii ndiyo faida ya ile akaunti ya "nyumba": jina lajulikana, nywila yajulikana, na siri ya baba wala ya mama haikutolewa.

Wako washaurio kuzima "Password protected sharing" ili pasiulizwe kitu. Usifuate. Mbali na hatari yake, matoleo mapya ya Windows mara nyingi hukataa yenyewe kuingia pasipo jina, na utakuwa umeufungua mlango usiopitika.

Lipo jambo moja ambalo hatujaona likisisitizwa vya kutosha: faili ifutwayo katika folda ya mtandao, kwa kawaida haiendi katika "Recycle Bin". Imetoweka. Kwa hiyo watoto, na kila asiye na haja ya kuandika, wapewe "Read" tu. Na yaliyomo yawe na nakala ya akiba katika diski nyingine ambayo haikuunganishwa daima, kwa sababu folda ya pamoja si akiba hata kidogo.

Mwenye Mac au Linux

Katika Mac fungua "System Settings", "General", "Sharing", uwashe "File Sharing". Kisha usitoke kabla ya kuingia sehemu ya ndani ya mpangilio huo na kuweka alama kwenye akaunti itakayofikiwa kutoka Windows, maana bila ya alama hiyo nywila iliyo sahihi nayo hukataliwa. Kwenda upande wa pili, katika "Finder" tumia "Connect to Server" na uandike smb://SEBULENI.

Wa Linux atatumia Samba, programu iliyotolewa kwanza na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992, nayo yafanya kazi vizuri. Ila akumbuke kwamba Samba huweka nywila zake mbali na zile za kuingilia kompyuta, na sharti ziandikwe kwa amri ya smbpasswd.

Sasa printa

Ikiwa printa ina waifai yake au tundu la mtandao, hiyo ndiyo njia bora, kwa kuwa haitegemei kompyuta ya mtu. Iunge na ruta ile ile, kisha ingia katika ruta na uitengee anwani ya kudumu, aghalabu katika sehemu ya "DHCP". Usipofanya hivyo, huenda siku umeme ukirudi baada ya kukatika ruta ikaipa printa namba nyingine, na kompyuta zote zikaendelea kuitafuta katika namba ya jana na kuandika "Offline", ilhali printa imewaka na kukutazama. Anwani ikishatengwa, katika kila kompyuta iongeze printa kwa namba hiyo.

Ikiwa ni printa ya USB tu, iliyochomekwa katika SEBULENI, yawezekana kuishirikisha: ingia "Printer properties", "Sharing", weka alama ya "Share this printer", uipe jina fupi. Katika kompyuta ya pili fungua \\SEBULENI na uibofye printa mara mbili. Ila kubali masharti yake:

- SEBULENI iwe imewashwa na iko macho. Izuie isilale ikiwa katika umeme.
- Tangu 2021, baada ya kugunduliwa udhaifu mkubwa katika sehemu ya Windows inayosimamia uchapishaji, kuweka draiva ya printa kupitia mtandao hutaka ruhusa ya msimamizi. Ukiona kosa la 0x0000011b, zisasishe kompyuta zote mbili, uweke draiva ya mtengenezaji katika ile ya pili kwa mkono, kisha ujaribu tena. Watakwambia ubadilishe mambo katika rejista ya Windows. Mengi ya hayo huiondoa ile kinga iliyowekwa kwa sababu.
- Kitakachoshirikiwa ni kuchapisha tu. Kuskani hakupiti kwa njia hii, na anayenunua printa kwa ajili ya yote mawili aichague yenye waifai.

Hadhari zisizoachika

- Kompyuta au kifaa cha zamani kikikutaka uwashe "SMB 1.0", njia kongwe ya kushirikisha faili, kataa. Ni kwa udhaifu wa njia hiyo kirusi cha WannaCry kilienea duniani mwezi Mei 2017, kikazifungia faili zao hata hospitali za Uingereza, ingawa Microsoft ilikwisha kutoa dawa yake mwezi Machi wa mwaka ule.
- Windows 7 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyopata masasisho tena ya usalama isiwe ndiyo yenye folda ya pamoja.
- Waifai iwe ya WPA2 au WPA3, na "WPS" izimwe.
- Badilisha nywila ya kuingilia ruta. Ile ya kiwandani yajulikana na kila mtu.
- Usifungue njia yoyote ya kuzifikia folda hizi kutoka intaneti, hata ukishauriwa na mjuzi.
- Ukichukua mpakato kwenda hotelini au mkahawani, mtandao wa huko uwe "Public" daima.

Umeme

Umeme ukikatika wakati faili inaandikwa kwenda kompyuta ya pili, faili hiyo yaweza kuharibika. UPS ndogo kwa ruta na kwa kompyuta yenye folda ni gharama yenye faida, kwa kuwa ruta hula umeme kidogo sana. Printa ya leza usiichomeke humo: inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo itazima yote kwa pamoja.

Mtandao ukikataa

Fuata mpango huu, wala usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, ama sivyo hutajua lililoponya:

1. Zima ruta, ngoja kidogo, iwashe. Kisha kompyuta, kisha printa.
2. Tazama taa za matundu ya waya. Tundu likiwa halina taa, shida ni waya au plagi.
3. Andika ipconfig katika kompyuta zote mbili. Je, namba zalingana mwanzo?
4. Andika ping na namba ya kompyuta ya pili. Ikijibu, njia ni nzima na shida ni ya ruhusa. Isipojibu, usikate shauri bado, maana kinga ya Windows huweza kuzuia jibu: tazama kwanza kama mtandao umerudi kuwa "Public", jambo litokealo baada ya kubadilisha ruta.
5. Jaribu \\ na namba badala ya jina.
6. Ukiulizwa nywila mara kwa mara, fungua "Credential Manager", uifute ile iliyohifadhiwa zamani, na uandike upya.
7. Printa ikiwa peke yake ndiyo inayokataa, ifute foleni ya kazi zake. Waraka mmoja uliokwama huzuia yote yafuatayo. Usipofutika, ingia "Services", usimamishe "Print Spooler" na uianzishe tena.